Mla Nyama wa Shangazi

Kikapu cha shangazi yangu kilikuwa na harufu yake peke yake: ukindu uliokolea moshi, tangawizi, mafuta ya nazi, na muhogo uliochemshwa ukaachwa upoe ndani ya jani la mgomba. Hata leo nikipita penye mchoma mihogo barabarani, harufu ikinijia na upepo, hugeuka kutazama ni nani anayekuja. Kilikuwa kikapu kipana chenye kifuniko, cha kubebwa kichwani. Upande mmoja aliweka vitu vya kazi yake: wembe mpya uliofungwa kwenye karatasi, uzi, vitambaa vyeupe vilivyofuliwa vikaanikwa juani, na chupa ya mafuta ya kuwakandia wanawake waliojifungua. Upande wa pili kulikuwa na chakula: muhogo, ndizi mbivu, tende, njugu za kukaanga, na mahamri ya tui aliyoyapika alfajiri ya siku ya safari. Watu waliotuona njiani walidhani ile ni akiba ya mtoto, kwamba mwanamke mwenye huruma amembebea binti wa ndugu yake cha kutafuna. Hawakujua kwamba mimi nilikuwa nikila kila nilichopewa katika kila nyumba, na kwamba aliyekuwa akisafiri kwa hofu ya njaa ni yeye.

Jina lake lilikuwa Mwanakombo. Alikuwa dada mkubwa wa baba yangu na mkunga wa Likoni, na sifa zake zilikuwa zimevuka maji hata Kisauni na Changamwe. Shangazi hakuwa akila nyama. Hakula samaki, hakula yai, na maziwa na samli aliviacha pamoja na ndugu zao. Kwake nazi ndiyo iliyokuwa ng'ombe. Nyumbani kwetu jambo hilo halikumsumbua mtu, kwa sababu pwani yetu ilikuwa na mbaazi za nazi, kunde, mchicha, maboga, viazi vitamu, na ndizi mbichi za kupikwa kwa tui zito mpaka mchuzi unashika kijiko. Wala hakuwa mtu wa kuwanyima wenzake. Sikukuu ya kuchinja ikifika, yeye ndiye aliyetubanikia mishkaki, akiinusa tu na kuniuliza, "Mishi, chumvi imekolea?" Maalim wetu aliwahi kumwambia asijiharamishie alichohalalishiwa na Mola wake. Shangazi alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akajibu kwa adabu, "Sijakiharamisha, maalim. Ni halali, kila mtu na ale. Kwangu mimi tu hakipiti kooni."

Taabu ilikuwa safari. Miaka ya arubaini, vita vikiwa vingali vikipiganwa huko mbali, chakula kilikuwa shida pwani nzima. Mchele ulipatikana kwa kusubiri juani, na ng'ombe walikuwa wakinunuliwa kwa ajili ya askari, hata mtu aliyebahatika kupata kipande cha nyama alikificha kwa ajili ya mgeni. Wazee husema mgeni njoo, mwenyeji apone, na siku hizo ilikuwa kweli tupu, maana ilikuwa mpaka aje mgeni ndipo watoto wa nyumba waonje kitoweo. Sasa fikiria mgeni huyo akatae. Watu wangesema mojawapo ya mambo matatu: anatudharau, au anaogopa tutamlisha kitu, au ana jini. Mkunga hawezi kubeba hata moja katika hayo. Anaingia chumba ambamo roho moja inaweza kuwa mbili au ikawa si hata moja, na watu wa nyumba wanataka moyo wao utulie juu yake.

Ndiyo maana alinichagua mimi. Nilikuwa na miaka kama tisa, mwembamba kama kijiti cha mbaazi, na katika ukoo mzima hapakuwa na mtoto aliyependa nyama kama mimi. Mama yangu alikuwa amejifungua mapacha na nyumba ilikuwa imejaa vilio, kwa hiyo msimu ule wa mvua alinitoa kwa furaha nifuatane na wifi yake, mwanamke mwenye heshima asitembee peke yake. Lakini Shangazi aliniambia ukweli tulipokuwa kwenye kivuko cha Likoni, tumebanwa baina ya mikungu ya ndizi na baiskeli. "Wewe utakuwa tumbo langu," alisema. Tungekula sinia moja. Yeye angeusifu mchuzi, angelisukuma pande la nyama kwa vidole mpaka upande wangu, na mimi ningelimaliza pole pole, kisha mfupa niuache mbele yake. Nilijifunza haraka. Nilijifunza hata kumtilia mchuzi kidogo pembeni mwa wali wake, mbali na matonge anayoyala, ili ionekane kwamba mkono wake umefika huko. Kisauni niliwahi kula samaki wawili wa kupaka, wazima na vichwa vyao, huku Shangazi akimwambia mwenye nyumba, "Mashallah, mikono yako imebarikiwa," na mwenye nyumba akitabasamu kwa kuiona ile miba.

Usidhani kwamba alikuwa akishiba. Nyumba nyingine mboga yenyewe ilitiwa papa mkavu, wali umepikwa kwa samli, na hapo alikula tonge mbili tatu za kujilazimisha pembeni, akaungoja usiri wa kikapu chake. Nilimwona akitafuna muhogo baridi amegeukia ukuta, kama mtu anayeiba. Tulipopita mjini kisiwani alifarijika, kwa sababu palikuwa na duka moja la Banyani lililouza bajia za dengu na viazi vya kukaanga, na ndani ya duka lile hata yai halikuingia. Bibi mwenye duka alikwisha kumjua. Hawakuwa na maneno mengi ya kusikilizana, lakini alimpa bajia za moto juu ya kipande cha gazeti na kumwekea kigoda nyuma ya magunia, na Shangazi aliinua buibui lake akala bila kuangalia mlango. Nilipenda kumtazama akila pale. Nilikuwa sijui kwamba mtu mzima anaweza kuwa na njaa kiasi hicho akanyamaza.

Changamwe tuliitwa na kijana mmoja wa Rabai aliyefanya kazi ya reli, jina lake Jeremia. Mkewe, Dama, alikuwa karibu kujifungua, na mtoto wao wa kwanza alikuwa amezaliwa amekufa mwaka uliotangulia, kwa hiyo walitaka mkunga awepo nyumbani mapema. Waliishi katika landhi, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa mstari mmoja kama mabehewa. Kila mlango ulikuwa na watu wa kwao: Mkamba hapa, Mjaluo pale, Mtaita upande wa pili, na moshi wa gari la moshi ukitua juu ya nguo za wote bila ubaguzi. Walikuwa Wakristo, na walituheshimu sana. Walitupa chumba cha nyuma na birika letu la kutawadhia. Mama mzazi wa Jeremia, aliyekuja kutoka Rabai kumngojea mjukuu, ndiye aliyeshika jiko. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu wa maneno, aliyeomba kabla ya kula akiwa amefumba macho kwa nguvu. Siku za mwanzo zilipita vizuri, kwani chakula kilikuwa sima na mchicha, na samaki walioletwa mara mbili niliwashughulikia mimi.

Ikaja Jumapili. Mama Jeremia alikuwa amekuja na mbuzi wake kutoka Rabai, na asubuhi ile alimtuma mwanawe akamwite Omari, jirani Mwislamu, aje amchinje, ili Shangazi ale kwa moyo mweupe. Nilimsikia mbuzi akilia, nikasikia kisu kikinolewa, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu moyo wangu haukufurahi. Nilikuwa natetemeka. Homa ya baridi ilikuwa imenishika tangu alfajiri, na kila harufu iliyotoka jikoni ilinipanda kooni. Shangazi alinifunika leso mbili, akaniwekea mkono kwenye paji la uso, na nikaona macho yake yanakwenda mlangoni. Dama naye alikuwa ameanza kushikwa na uchungu, ule wa mbali mbali, na alikuwa akitembea chumba cha pili akijishika kiuno. Adhuhuri sinia ikaingia. Wali ulikuwa mweupe, mchuzi unang'aa, na kwenye kisahani peke yake yalikuwa maini yaliyokaangwa kwa vitunguu, fungu la mgeni. Mama Jeremia alikaa mkekani mkabala na Shangazi. Mimi nililala nyuma ya pazia, hatua chache tu, sina msaada.

"Kula, dada," alisema Mama Jeremia. "Maini hupoa upesi."

"Ahsante, nakula," alijibu Shangazi. Akala wali.

 Kisha Mama Jeremia akasema taratibu, "Omari ndiye aliyechinja. Nilisimama pale nikamsikia akitaja jina la Mungu. Sikukuletea kibudu."

"Najua. Mungu awalipe. Mmeniheshimu kuliko ninavyostahili."

"Mbona basi hugusi?"

"Nimeshiba, dada."

"Umeshiba kwa matonge matatu." Mama Jeremia aliweka mkono wake chini. "Yule mkunga wa kwanza naye alisema ameshiba. Alikaa hapo hapo ulipokaa. Hakula chetu, akaingia kwa Dama, na tukazika mtoto. Nilijiambia siku ile kwamba mtu asiyekula changu hatamgusa mjukuu wangu. Unisamehe. Funga kikapu chako."

Jeremia alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake mkononi, akimtazama mama yake na kumtazama Shangazi bila kujua amshike nani. Mkunga mwingine wa kuaminika alikuwa Miritini, na njia ilikuwa matope matupu. Kutoka chumba cha pili Dama aliguna, safari hii kwa sauti ya chini na ndefu, na Shangazi aligeuza kichwa kuelekea kule kabla ya kujibu, kama mama anayesikia mwanawe akiamka.

"Nitaondoka ukitaka," alisema. "Lakini atakayekuja nimwambie mwenyewe mtoto alivyolala tumboni, maana hajakaa sawa bado. Na ukweli wangu ni huu. Mimi sili nyama. Ya kwako sili, na ya kaka yangu sili. Sijala tangu ujana."

"Huo ni uongo. Juzi tulikula samaki humu, na miba niliitupa mimi."

"Miba ilikuwa ya mtoto."

Pazia likafunuliwa. Niliona uso wa Mama Jeremia juu yangu, na nyuma yake uso wa Shangazi. Msimu mzima nilikuwa nimefundishwa kuficha, na sikujua sasa nifanye nini.

"Nani alikula samaki wa juzi?" aliuliza Mama Jeremia.

"Sema kweli, Mishi," akasema Shangazi.

"Mimi, bibi."

"Wako na wake?"

"Ndiyo, bibi."

"Na wa siku ile mlipofika?"

"Na yule pia." Machozi yalinitoka, nikaona nimeivunja kazi yote niliyopewa, na bila kuulizwa nikaongeza, "Hata leo ningekula, lakini nina homa."

Mama Jeremia aliniangalia tangu kichwani mpaka miguuni, mifupa mitupu iliyotetemeka chini ya leso, na nilimwona akijaribu kuhesabu mahali ambapo vile vitoweo vyote vingeweza kuwa vimekwenda. Midomo yake ilianza kucheza. Akashika mlango. Kicheko kilimtoka kama maji yaliyozibwa, akacheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya leso, na Jeremia naye akacheka kwa sababu ya kuona mama yake anacheka. Shangazi peke yake hakucheka. Kicheko kilipotulia, Mama Jeremia akakaa tena mkekani, sasa karibu naye zaidi, akauliza kwa sauti nyingine, "Kwa nini?"

Hata mimi nilikuwa sijawahi kulisikia jibu lake. Shangazi alisema kwamba mtoto wa kwanza aliyempokea peke yake, bila bibi aliyemfundisha kazi, alikuja hana pumzi. Alimpulizia, akampaka mafuta, akamwita, kisha akamwosha akamkabidhi kwa baba yake. Aliporudi kwao alikuta karamu, na kwa kuwa ilikuwa kazi yake ya kwanza, walimwekea fungu la heshima. "Yalikuwa maini," alisema, akautazama mkono wake wa kulia. "Yalikuwa na moto. Nilipoyashika mkononi..." Hakumaliza. "Sikuapa, wala sikuaguliwa na mganga. Tangu siku ile hakipiti, hata samaki, hata yai. Nimeficha kwa sababu watu huona nimewakataa wao."

Mama Jeremia aliinuka. Alichukua lile sinia na kisahani cha maini, akatoka navyo, na Shangazi akaanza kukusanya vitambaa vyake na kuvirudisha kikapuni. Mimi nililia kimya kimya. Kisha tukasikia kule uani chungu kinasuguliwa kwa mchanga na majivu, kwa nguvu, kama mtu anayetaka kukitoa ngozi. Tukasikia nazi inavunjwa. Baada ya kitambo sauti yake ikaja kupitia dirishani:

"We Mwanakombo! Tui unakula?"

"Nala!" akaitikia Shangazi.

"Na pilipili?"

"Nala!"

"Haya, afadhali. Nilidhani nimeletewa malaika."

Alirudi na majani ya kunde aliyoyachuma penye ua, yamepikwa kwa tui na pilipili mbichi, na wali mwingine ambao haukuguswa na mchuzi. Akaweka sinia, akaomba, akala yale majani pamoja na Shangazi tonge kwa tonge. Mbuzi wake aliliwa nje na wanaume na majirani. Yeye siku ile hakumwonja. Sikuwahi kumwona Shangazi akila katika nyumba ya watu jinsi alivyokula mchana ule, mgongo umelegea, kidevu kina tui. Akanawa, akafungua tena kikapu, akaingia kwa Dama. Mama Jeremia alimfuata na maji ya moto.

Jua lilipokuwa linashuka, homa yangu ilikuwa imepoa kidogo nami nikawa nasikiliza. Nilisikia Dama akimwita mama yake aliye mbali. Nikasikia Shangazi akimwambia maneno ya polepole, yale yale, tena na tena. Halafu kila kitu kikanyamaza, na kimya kile kilikaa muda ambao sitausahau, nikamfikiria yule mtoto wa kwanza wa Shangazi na yule wa kwanza wa Dama. Kikapasuka kilio, chembamba, chenye hasira. Mama Jeremia alipiga vigelegele mpaka milango ya landhi ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Alikuwa msichana.

Tulibaki mpaka kitovu kikaanguka na hata baada yake. Mama Jeremia, ambaye siri haikuwa fani yake, alikuwa amewaeleza wanawake wote wa mstari ule habari ya mkunga asiyekula chenye damu, na Shangazi aliona haya ya kutoka nje. Lakini vikaanza kuja vyungu. Mama mmoja wa Ukambani alileta mahindi na maharage yaliyochemshwa pamoja mpaka yakafunguka. Mjaluo wa mlango wa mwisho alileta mboga chungu ambazo hatukujua jina lake, akasimama mlangoni kuhakikisha zimeliwa, akataka kujua zimemkaaje. Mtaita akaleta viazi. Shangazi alionja kila kitu na kuuliza kilivyopikwa, na nadhani katika zile siku chache alikula aina nyingi za vyakula kuliko alivyokula katika safari zake zote. Mimi nilipona homa nikakuta kazi yangu imekwisha. Fungu la mgeni lilikuwa fungu moja, la mtoto, dogo, na sitaficha kwamba nilinuna.

Si wote waliopokea hivyo. Habari husafiri, na kuna nyumba moja huko Ziwa la Ng'ombe, upande wa Kisauni, watu waliokuwa wakimwita Shangazi kwa kila uzazi, ambayo baada ya kusikia haikumwita tena. Walisema ana jini linalomchagulia chakula. Ilimuuma, maana watoto wa nyumba ile aliwapokea yeye. Hata hivyo hakurudia kuficha. Kila alipoitwa mahali papya alisema mlangoni, kabla hata ya kutua kikapu, kwamba ana udhia wa chakula na awiwe radhi, na kama hawamtaki wamwambie angali amesimama. Wengi walimwambia karibu. Wachache walimsindikiza mpaka njiani. Kataa neno, usikatae wito, husema wahenga. Yeye alipata namna ya kuuitikia wito na bado akabaki na neno lake.

Mwaka jana nilifuatana na mjukuu wangu wa kike kwenye steshini mpya ya Miritini, tukangojea treni ya kwenda Nairobi. Mahali ambapo nilikuwa nimeambiwa njia ni matope sasa pana lami, taa na vioo, na mkahawa wenye hewa baridi. Mjukuu wangu hali nyama wala maziwa. Alianza chuoni, kwa sababu zake mwenyewe ambazo amenieleza vizuri, na sikutofautiana naye. Alimwita kijana wa mkahawa akamwambia, bila kushusha sauti, kwamba hataki nyama, samaki, yai wala maziwa, na kama mchuzi una siagi pia hautaki. Mimi niliinamisha kichwa. Baada ya miaka yote ile mwili wangu ulijiandaa kwa uso wa mwenyeji kubadilika. Nilipoinua macho, kijana alikuwa amekwisha kuandika. "Kuna mbaazi za nazi, kuna mchicha, kuna maharage," alisema, akaenda zake.

Nilifurahi kwa ajili ya mjukuu wangu, wallahi nilifurahi. Hatakula muhogo baridi amegeukia ukuta. Hana haja ya kusafiri na tumbo la mwingine. Chakula kilikuja upesi, kikiwa moto, na mbaazi zilikuwa nzuri. Tulikula, tukalipa, tukainuka, na hapakuwa na mtu aliyetaka kujua kwa nini.